Wepukhulu na Kiti Chake cha Mazoezi

Tangu mshtuko wa moyo umwangushe karakanani, Wepukhulu, seremala wa kijiji cha Raila kule Kibera, hakuwa na furaha wala huzuni. Chai aliinywa bila kujua kama ina sukari. Hospitalini walimwambia wazi: kila asubuhi asimame na kuketi kitini mara ishirini, akiacha, moyo utalegea tena, na mara ya pili huenda asiamke. Alifanya hivyo kama mtu anayepiga mswaki.

Adui wa mazoezi hayo hakuwa uvivu. Walikuwa wageni. Kwa Wabukusi wenzake, mgonjwa huja kutazamwa, na wa kutazamwa sharti alale. Wakibisha hodi tu, mkewe Nasike alimsukuma kitandani na kumfunika shuka hadi kidevuni.

"Lala, Baba Elvis. Watu watasema nakutesa."

Alilala. Wageni nao, Mungu awasamehe, walikunywa chai mpaka saa sita. Siku tisa zikapita bila zoezi hata moja, na hakujali.

Siku ya kumi, Mama Musimbi, kiongozi wa maombi kanisani, alikuwa ameshika kasi kukemea pepo wa maradhi pale mgonjwa alipotupa shuka, akavuta kiti, akaanza: simama, keti, simama, keti. Hata Wepukhulu mwenyewe hangeweza kukuambia kwa nini.

"Roho ameshuka!" Mama Musimbi akapaza sauti. Makofi yakalia, wimbo ukapanda, na kila aliposimama wakaitikia haleluya. Alipofika ishirini akaketi, jasho likimtiririka.

"Amepona! Jumapili atatoa ushuhuda. Hayo mambo ya hospitali ni ya nini tena?" Mama Musimbi akatangaza.

Wepukhulu akarudi kitandani kama kawaida. Ila Nasike, akimfuta jasho kifuani, alisikia moyo ule ukigonga chini ya kiganja chake, akakumbuka onyo la hospitali, akaingiwa na hofu.

Jumapili asubuhi watu wa maombi wakaja kumchukua, na sare zao nyeupe. Wepukhulu alikuwa kitini, amefika mara ya saba. Kwa mazoea akaelekea kitandani. Nasike akamshika bega, akamrudisha kitini, kisha akaenda kusimama mlangoni, yeye ambaye hajawahi kumwacha nje hata mtu wa kuomba chumvi.

"Ngojeni hapo nje kidogo. Bado hajamaliza."

Minong'ono ikaanza. Wepukhulu akasimama mara ya nane, na machozi yakamtoka. Alitaka kuishi.