Msingi Chini ya Mstari

Sijui nani aliyeeneza habari ofisini kwamba mimi ni mtu wa kompyuta. Ninachojua ni kuandika barua, kupokea simu kwa heshima na kuibembeleza printa inapomeza karatasi. Lakini siku Madam, mwenye kampuni yetu ndogo ya ujenzi hapa Eldoret, alipotangaza kwamba miradi yote sasa itasimamiwa kwa mfumo wa kompyuta, macho yake yalizunguka chumba kizima, yakatua kwangu, yakakaa hapo.

Mfumo wenyewe, nilivyouelewa, ulikuwa hivi. Unaupa faili la jedwali lenye orodha ya kazi, nao unazipanga kwa ngazi: kazi kuu, na ndani ya kila kazi kuu, kazi zake ndogo. Ukibonyeza kazi kuu inafunguka kama droo, unaona vilivyomo. Nilifundishwa asubuhi moja na kijana aliyekuwa akiongea haraka kuliko masikio yangu. Niliitikia kwa kichwa kila aliponiuliza kama nimeelewa, na hilo ni kosa langu la siku nyingi.

Tulikuwa na saiti tano. Mafaili manne yaliingia bila maneno. La tano lilikuwa la madarasa ya Timboroa, na la tano lilikuwa la Mzee.

Mzee alikuja mjini kutoka upande wa ziwa akiwa fundi wa mawe, akapanda hadi kuwa msimamizi wa saiti. Alikuwa na Madam tangu enzi ambazo ofisi yote ilikuwa meza moja nyuma ya duka la vifaa. Kuandika kwenye kompyuta alifundishwa na binti yake akiwa tayari na mvi, na jedwali lile alilichapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Aliniletea kwenye flashi aliyoifunga ndani ya leso, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

Hapakuwa na siri kuhusu kilichokuwa kikisubiriwa. Madam alikuwa amesema kwamba msimamizi ambaye mpango wake hautakuwa ndani ya mfumo kufikia Alhamisi, siku ya kikao na kamati ya shule, hatapewa saiti. Kulikuwa na injinia kijana tayari, na mfumo alikuwa anaujua. Madam hakutaja mtu, lakini sote tulijua ni Mzee atakayerudishwa nyumbani.

Jumatatu nikaingiza faili lake. Kazi zote zikatoka zimejipanga mstari mmoja, kubwa kwa ndogo, bila droo hata moja. Nilikuna kichwa mpaka nikagundua kwamba Mzee alikuwa amesogeza kazi ndogo kulia kwa kubonyeza nafasi, na nafasi hizo mfumo hauzioni. Hilo nililiweza. Niliongeza safu nikaiita Ngazi, nikaandika moja kwa maneno ya herufi kubwa na mbili kwa yaliyobaki. Nikajisifu kidogo.

Nikaingiza tena. Mfumo ukakataa. Ulisema mstari wa pili hauna kazi kuu.

Mstari wa pili, ule unaofuata majina ya safu, ulisema "Kufyeka nyasi." Niliutazama. Nikautazama tena kwa kusogea karibu, kana kwamba nyasi zenyewe zingenieleza. Sikuona kosa lolote, na mori ukanipanda. Kama shida yenu ni kazi kuu, nikawaambia waliotengeneza mfumo, watu nisiowajua, basi chukueni. Nikaandika juu kabisa, kwa mkono wangu, MENGINEYO, ngazi ya kwanza. Mfumo ukapokea kila kitu na kunionyesha alama ya kijani.

Nikaanza kufungua droo. Ndani ya MENGINEYO kulikuwa na kufyeka nyasi, kupima, kuchimba mtaro na kumwaga zege. Ndani ya MSINGI kulikuwa na kupanga mawe na kuweka fremu za madirisha. Ndani ya KUTA nikakuta mbao za paa na mabati. Ndani ya PAA kulikuwa na plasta na rangi. Droo ya mwisho, KUMALIZIA, ilikuwa tupu.

Mimi si fundi, lakini nimelala chini ya mabati maisha yangu yote na najua hayakai kwenye kuta. Nikafuta nikaanza upya. Yakatoka yale yale. Nikafuta tena. Nikasoma ukurasa wa msaada, ukanishauri nihakikishe faili langu limepangwa vizuri. Hapo sikuelewa mbele wala nyuma. Nilifunga mfumo, nikaufungua, nikabadilisha hata rangi za safu, jambo ambalo hata sasa siwezi kueleza nilitarajia lisaidie nini. Mchana ulipofika nilikuwa nimebakiwa na jibu moja tu lililoingia akilini: kompyuta haizeeki, mtu ndiye anayezeeka.

Nikaingia kwa Madam nikamwambia kwamba nafikiri Mzee amechanganyikiwa kidogo. Hilo "kidogo" nililiongeza ili nionekane nina huruma. Madam aliweka kalamu chini, akasema nimwite Mzee Jumatano tumuage vizuri, na nimpigie injinia ajiandae. Nilipiga simu zote mbili kabla ya chai, na injinia nikamweleza hata sababu.

Jumatano Mzee alifika na sweta mbili na udongo wa Timboroa kwenye gambuti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamgeuzia skrini, nikamfungulia droo moja baada ya nyingine. Alisoma kwa kidole, polepole, akirudi juu na kuanza tena.

"Nani ameweka mabati kwa ukuta?" aliuliza.

"Imetoka kwa file yako, Mzee. Mimi nimeingiza tu vile iko."

Alivua miwani akaifuta kwa sweta ya ndani, akaivaa, akatazama mara nyingine. Nilisubiri aseme kompyuta ni takataka, nami nilikuwa na jibu. Hakusema hivyo.

"Basi ni kichwa yangu," alisema. "Juzi pia nilisahau simu kwa saiti." Akanirudishia skrini. "Usiambie mafundi. Nitawaambia mwenyewe."

Niliumia. Nilikuwa nimetaka kuwa sahihi, na sasa nilikuwa sahihi, na nilitamani sakafu ifunguke. Aliniomba karatasi. Alisema ataandika kazi zote vile anavyozijua, injinia azitumie, asije akaharibu madarasa ya watoto kwa sababu ya uzee wa mtu mwingine. Nikampa karatasi na kalamu, nikajifanya natafuta kitu kwenye droo yangu ya kweli, ile ya mbao, ili nisimtazame.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameandika kufyeka, kupima, kuchimba mtaro, zege. Kisha akachora mstari kwa ukingo wa kitambulisho chake, na chini ya mstari, kwa herufi kubwa, akaandika MSINGI.

"Mzee," nikasema, "mbona msingi iko chini?"

Alinitazama kana kwamba aliyechanganyikiwa sasa ni mimi. "Si ndio jibu? Hizi zote ukifanya, ndio unapata msingi. Utaandikaje msingi na hujachimba?"

Nikalivuta jedwali lake, nikalisoma kuanzia mwisho kwenda juu, na kila kitu kikakaa mahali pake. Mzee alikuwa ameandika kama anayefanya hesabu: kazi ndogo kwanza, na jina la kazi kuu chini yake, kama jumla. Mfumo wenyewe unasubiri jina la kazi kuu juu, kisha unamwaga ndani yake chochote kinachofuata. Kwa hiyo kila fungu lilikuwa limeingia kwenye droo ya fungu lililotangulia. Na mstari ule wa pili uliokataliwa kweli haukuwa na kazi kuu juu yake. Mfumo ulikuwa umeniambia tangu mwanzo, nami nikauziba mdomo kwa MENGINEYO.

Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kikombe cha chai kupoa. Nilipandisha kila kazi kuu juu ya kazi zake, nikafuta neno langu, nikaingiza. Mabati yakaingia kwenye paa.

"Kwa hivyo ilikuwa sawa?" Mzee aliuliza.

"Ilikuwa sawa toka mwanzo. Ni mimi nilikosea."

"Pole," akaniambia mimi.

Nikaenda kwa Madam kabla ujasiri haujaniisha, nikamwambia aliyechanganyikiwa ni mimi, si Mzee. Aliniuliza kama nilikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote maneno yale. Nikasema injinia. Akaniambia nimpigie tena, na safari hii nimweleze mimi mwenyewe kwa nini. Alhamisi kamati ya shule ilifunguliwa droo zote, na Timboroa ikabaki kwa Mzee.

Ningependa kuishia hapo. Lakini yule Mzee ambaye hakuwa akimwuliza mtu chochote, sasa kila Jumatatu hupiga picha ya karatasi yake na kunitumia kwa simu. Siku hizi majina ya kazi kuu huyaandika juu, kama mfumo unavyotaka. Chini ya picha huuliza kama iko sawa. Naisoma yote, mstari kwa mstari, na sijawahi kuona kosa.

"Iko sawa, Mzee," namjibu.

Hukaa kidogo, kisha huandika, "Angalia tena."