Pumzi ya Chini ya Maji

Niliingia katika mji ule wa theluji mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na sanduku moja na koti la kuazima. Nilikwenda huko ili niwe mwanamichezo wa trayathloni. Nyumbani Kitengela waliponiuliza hicho ni kitu gani, niliwaeleza kwamba mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka kwenye baiskeli anakimbia, na yote hayo ni shindano moja.

"Na anayemfukuza ni nani?" jirani mmoja aliniuliza.

Wachimba mawe ndio walionitania zaidi, kwa sababu walinijua tangu utoto. "Huko maji yanashikana yanakuwa jiwe," mmoja wao alisema, akiwa ameketi juu ya jiwe alilokuwa akilichonga. "Utaogelea aje? Beba nyundo, Mkamba. Ama tukuazime tindo?"

Walicheka, nami nikacheka. Hakuna aliyemtaja mdogo wangu, ingawa najua kila mmoja wao alikuwa akimfikiria.

Baba alitutoa Ukambani tukiwa wadogo akaja kuchimba mawe Kitengela. Alifariki kabla hatujamaliza shule, na mama akatulea kwa uji na chapati alizowauzia wachimbaji pale pale machimboni. Mimi nilipata kazi ya kusambaza mikate kwa baiskeli. Asubuhi nilifuata barabara ya Namanga nikiwa na kreti nyuma, nikaacha mikate Isinya, na siku nyingine nikafika hadi Kajiado. Upepo wa uwanda ule haumwonei mtu huruma, lakini miguu yangu iliuzoea, nikawa mwepesi kuliko wenzangu wote. Jioni nilikimbia kwa kupenda tu. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwili usiochoka upesi.

Kisha zikaja mvua kubwa za El Niño. Mashimo ya mawe yalijaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na mvua zilipokatika maji hayakuondoka. Mdogo wangu, aliyekuwa ameanza kuchonga mawe kama baba, alishuka jioni moja kunawa vumbi. Ukingo ulikuwa umelainika kwa mvua, akateleza akatumbukia. Nilikuwa nimefika kumchukua mama na vyombo vyake. Nilipofika pale juu, wanaume walikuwa wamesimama wakitazama chini, na katikati ya maji yale mapovu yalikuwa yakitoka.

"Angali anapumua!" mtu alisema kwa sauti. "Tazama, anapumua bado!"

Hakuna aliyejua kuogelea. Watu wa bara sisi, maji tuliyajua ya ndoo. Walitafuta kamba, wakatafuta mti mrefu, na mzee mmoja akanigeukia akanishika bega. "Wewe ndiwe mwepesi. Kimbia Athi River, kuna mtu anazamia mchanga mtoni. Mlete."

Nilipanda baiskeli nikaenda kama sijawahi kwenda maishani. Nilipoondoka mapovu yalikuwa bado yanatoka. Niliporudi na yule mtu, maji yalikuwa yametulia, na mama amekaa chini kwenye kokoto, kikapu chake miguuni, akitazama mahali pale pale. Alikuwa ameyatazama mapovu hayo mpaka la mwisho, watu wakimwambia kila mara kwamba mtoto anapumua.

Tulimzika Jumamosi, na tangu usiku ule nilimsikia mama, nyuma ya ukuta wa mabati, akijigeuza hadi alfajiri. Mchungaji alihubiri vizuri, nami niliamini kila neno, na bado ninaliamini. Lakini baada ya mazishi sikuweza kuvumilia wazo la mama mwingine kuketi kwenye kokoto zile huku wanaume wazima wamesimama ukingoni. Nikaamua kujifunza kuogelea.

Nilijifunza katika silanga, bwawa la kunyweshea ng'ombe lililo nje kidogo ya Isinya, nikiwa nimekumbatia mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia. Wachungaji wa Kimaasai walikaa juu ya kingo wakinitazama. "Supa!" waliniamkia, nikaitikia "Ipa!" mdomo umejaa tope, nao wakaanguka kwa vicheko. Baada ya miezi kadhaa niliuacha mtungi. Niliogelea kichwa kikiwa juu, shingo imekakamaa, kifua kimejaa hewa. Hivyo ndivyo kila mtu kwetu alivyoamini: hewa ndiyo inayokushikilia, ukiiachilia umekwenda. Uso wangu haukuwahi kuingia majini isipokuwa mara moja tu, siku ya ubatizo wangu, katika silanga iyo hiyo. Kanisani kwetu mchungaji hukuziba pua kwa kitambaa cheupe, akakuzamisha na kukuinua kabla hujajua lililotokea. Siku ile pumzi yangu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mwalimu mmoja mgeni aliyefundisha Kajiado, mteja wangu wa mikate, ndiye aliyeniona. Aliniona nikipanda ule mlima wa kuingia mjini na mzigo nyuma, akanikuta siku nyingine silangani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshiriki michezo hiyo kwao. Aliandikia klabu ya mji wake, nao wakakubali kunipokea kwa majira ya baridi. Wangenipa chumba na mazoezi, na majira ya kuchipua nijaribiwe. Nikiweza masafa yote matatu kwa muda wanaoutaka, nitabaki kwenye timu. Nikishindwa, nirudi nyumbani.

Nilimweleza mama akiwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

"Maji yamenila mtoto mmoja. Wewe unayafuata ng'ambo?"

"Siyafuati maji, mama. Nimepewa nafasi."

"Nafasi ya kuogelea."

"Na ya kukimbia. Na baiskeli."

Alifunika unga kwa sahani. "Sitakulaani, na sitakushangilia. Nitakuombea. Sala ndiyo niliyo nayo." Nami nilishukuru, kwa sababu najua ilimgharimu.

Sasa niuseme ule mji. Theluji nilikuwa nimeiona juu ya Kilimanjaro, asubuhi zisizo na mawingu, kwa mbali, nikadhani ni kitu cha kupendeza. Kumbe theluji ya mjini ni ya kijivu, imechanganyika na chumvi na moshi wa magari. Jua lilitoka limechoka na kuondoka mapema mchana, kama mgeni ambaye hakutaka kuja. Nilikimbia nikiwa nimevaa viatu vyenye misumari, nikaanguka mara nyingi. Baiskeli waliifunga juu ya magurudumu yasiyokwenda popote, katika chumba cha chini ya ardhi, mbele ya tangi la maji moto. Mimi niliyezoea kuiona Isinya ikinijia taratibu, nilikanyaga saa nzima nikitazama ukuta. Watu hawakuwa wabaya. Waliitikia salamu na kwenda zao. Jumapili nilikwenda kanisa la karibu, wazee wachache wakiimba kwa sauti ndogo, na baada ya baraka kila mmoja alitafuta glavu zake. Nilirudi chumbani, nikapiga magoti kwenye zulia la watu, nikaomba kwa Kikamba ili nisikie lugha yangu.

Hayo yote niliyaweza. Nilichoshindwa ni maji.

Kocha alikuwa mzee mwenye tumbo na filimbi. Siku ya kwanza alinitazama nikivuka bwawa lao la ndani, kichwa juu kama mbuzi anayevuka mto, akapiga filimbi.

"Kijana, unapigana na maji. Yamekukosea nini?"

Nilishika ukingo nikihema.

"Weka uso ndani. Puliza pumzi yote majini, kama unavyopoza chai. Geuka, vuta hewa, puliza tena. Hayo tu."

Niliweka uso ndani. Niliona vigae vya buluu, nikaona mikono yangu. Kisha nikajaribu kupuliza, na mapovu ya kwanza yalipopita machoni pangu nilisimama kwa nguvu hata nikampiga mwogeleaji wa pembeni. Nilijaribu tena, nikasimama tena. Katika mstari wa jirani watoto wadogo wenye kofia za rangi walikuwa wakipuliza mapovu na kuchekana, na mwalimu wao akawapigia makofi.

"Unaogopa nini?" kocha aliniuliza siku nyingine. "Kina chake kinakufika kifuani!"

Hapo nilimwambia. Nilimwambia juu ya mashimo ya mawe, na mdogo wangu, na jinsi tulivyodhani mapovu ni kupumua kwake. Alisikiliza akiwa ameshika filimbi mkononi. Mwisho akasema, "Pole," akaivaa filimbi shingoni. "Lakini majira ya kuchipua hayatakungoja."

Hakuwa mkatili, alisema ukweli. Majira yote ya baridi nilikwenda kwenye bwawa lile nikiwa nimeomba, nikatoka nikiwa nimeshindwa. Nilifunga kula. Nilimwambia Mungu, kama ni imani inayopungua niongezee, na kama ni kiburi niondolee. Nilijua kwa akili kwamba pumzi inayotoka ndiyo inayoipisha nyingine iingie. Mwili haukukubali. Kwa mwili wangu, kuachia pumzi chini ya maji ilikuwa ni kumaliza.

Siku ya majaribio niliogelea kichwa juu, masafa yote, shingo ikiniuma hadi masikioni. Nilitoka wa mwisho, mbali sana nyuma ya aliyenitangulia. Kwenye baiskeli niliwapita wengi, na katika kukimbia niliwapita wengine, lakini muda ulikuwa umekwisha. Kocha alinijia nikiwa nimeinama, mikono magotini, akasema, "Miguu yako ni ya ajabu. Samahani." Nilimshukuru. Sina neno baya juu yake mpaka leo.

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya mwanzo wa kiangazi. Kocha aliniachia bwawa asubuhi, kabla watu hawajaja, nami nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka, mji mzima ukidondoka maji na matope. Sikuwa nakimbizana na chochote tena. Asubuhi moja nilishika ukingo wa bwawa, nikaweka uso ndani, na nikamwita mdogo wangu kwa jina, kimoyomoyo. Sikuomba kuokolewa na hofu. Nilitaka tu kuwa mahali alipokuwa. Nikaachia pumzi.

Ilitoka yote. Nilisikia ngurumo ndogo masikioni, kisha ikaisha, na pakawa kimya. Niliinua kichwa, hewa ikaingia yenyewe bila kuitwa. Nikarudi chini nikaachia tena. Nililia mle majini, na hilo nalo nililishukuru, kwa sababu hapana aliyeweza kuliona.

Siku hizo Kitengela nyumba zenye simu zilihesabika. Nilikuwa na mpango na mama: Jumapili baada ya ibada aliketi kwenye duka la dawa la muumini mwenzetu, nami nikapiga simu kwa kadi. Jumapili ile nilikuwa nimemaliza kumweleza kwamba nimeshindwa majaribio na ninarudi, naye amesema tu "Mungu ni mwema, rudi," nikaongeza, bila kupanga, kwamba nimeweza kupuliza chini ya maji.

Nilisikia mtu dukani akiomba dawa ya kikohozi.

"Kupuliza vipi?" aliuliza.

"Kutoa pumzi, mama. Mapovu."

Nilidhani amekata simu. Kisha sauti yake ikaja karibu sana, kama ameufunika mkonga wa simu kwa kiganja.

"Kunauma?"

Nilielewa kwamba swali hilo alikuwa amelibeba tangu jioni ile. Hakuwahi kumuuliza mchungaji, wala madaktari, wala yule mzamiaji wa mchanga. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Na mimi, baada ya majira yote yale, nilikuwa na kitu kidogo tu cha kumpa, na sikutaka kukiongezea kisichokuwa changu.

"Yaliyompata yeye siyajui, mama. Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo. Lakini pumzi ikitoka haiumi. Mwanzo kuna kelele, kisha panakuwa kimya."

"Kimya."

"Ndiyo, mama. Kimya kizuri."

Nilimsikia akivuta pumzi na kuishusha. Mwenye duka alimwambia jambo, naye akamjibu, "Subiri kidogo, baba, naongea na mtoto wangu." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Akaniuliza kama huko bado ni baridi, nikamwambia kwamba asubuhi nikitoka bwawani nywele zinaganda kabla sijafika nyumbani.

"Zinaganda kichwani?" Alishtuka kweli. "Wewe ni mtu mzima, kwa nini utoke nje na nywele mbichi? Jifunge taulo. Unanisikia? Jifunge taulo kichwani kama mwanamke, hakuna anayekujua huko."

Nilirudi mwanzo wa kiangazi chao, sina medali wala timu. Wachimba mawe walinitania kwa juma moja, wakachoka. Nilirudi kwenye mikate, na baadaye kanisa likanipa kazi ya uzee wa kanisa ninayoifanya hadi sasa. Mama aliishi miaka mingine kumi na zaidi. Alikuwa mtu wa huzuni kabla ya safari yangu, na akaendelea kuwa mtu wa huzuni. Sitasema kwamba simu ile ilimponya. Ila swali lile hakuniuliza tena, na usiku, kupitia ukuta wa mabati uliotenga vyumba vyetu, nilimsikia akilala.