Rangi Zilizojificha Kwenye Kijivu

Nina studio ndogo ya picha Emali, na nina hasira za karibu. Mteja akiniambia bahari yake ni mbaya, niigeuze iwe ya bluu, huwa natamani kumtupia simu yake. Watu wa huku wakienda Mombasa na kanisa wakati wa mvua hurudi na picha za bahari iliyonuna, kijivu kitupu, kisha hutaka niwabandikie bluu ya kalenda. Mimi sibandiki. Kijivu kina rangi ndani yake. Ukikivuta taratibu kwenye kompyuta, yaani ukiongeza nguvu ya rangi kidogo kidogo, kwanza hutoka kijani, halafu kahawia ya mchanga uliovurugwa, na chini kabisa zambarau. Zilikuwapo siku ile ile, ila macho hayakuzikamata.

Mwaka jana mdogo wangu, aliyeolewa Mukuyuni na mzee wa kanisa, alinitumia picha yake baada ya safari kama hiyo. Amesimama ufuoni, maji nyuma yake, anatabasamu kidogo. Alitaka kubwa ya kutundika ukutani.

"Hiyo maji imekaa kama ya kuosha sufuria," aliniandikia. "Ifanye tu vile unajua."

Nikaanza kuvuta. Maji yakatoa kijani. Nikavuta zaidi, zambarau ikajitokeza kwenye mawimbi, nikafurahi. Kisha nikaona zambarau ile ile shingoni mwake. Alikuwa ameipaka poda, lakini kompyuta haina adabu mbele ya poda. Alama nne upande mmoja, moja nene upande wa pili, pembeni zikigeuka manjano. Niliinua mkono wangu mbele ya kioo cha kompyuta nikapima. Vilikuwa vidole vya mtu mzima.

Nilipiga meza hadi kikombe cha chai kikaanguka. Nilimtukana mwanamume yule kwa Kikamba, peke yangu, mlango wazi, wapita njia wakisikia.

Halafu nikafungua picha zake za zamani, alizokuwa akinitumia nimchapie. Katika kazi yetu uso husafishwa kabla mteja hajaomba: chunusi, kovu, weusi chini ya jicho, vyote hutolewa, hata kwenye picha ya matanga. Hakuna anayeuliza, mkono huenda wenyewe. Lakini picha asili huwa naziweka. Krismasi: weusi shavuni, niliufuta. Harusi ya binamu yetu: mdomo umevimba, niliupunguza. Sherehe ya mavuno kanisani: mstari juu ya jicho, niliufuta pia, na nakumbuka nikinung'unika kwamba huyu msichana hajitunzi siku hizi. Miaka minne mumewe alimpiga, mimi nikasafisha. Niliona aibu hadi nikashindwa kukaa.

Hasira hasara, najua, nimehubiriwa hivyo vya kutosha. Asubuhi yake niliichapisha ile picha, rangi zote zikiwa nje, nikaitia kwenye fremu ya kioo na kwenda nayo Mukuyuni. Nilimkuta mdogo wangu uani akitwanga muthokoi, mahindi yakiruka kinuni. Mumewe alikuwa kivulini na kikombe chake.

"Karibu, mwamu," alisema, ndivyo huku tunavyoitana mashemeji. "Umetuletea bahari?"

Nikamwekea fremu mapajani. "Hii mkono ni ya nani?"

Aliangalia kwa muda, bila haraka, akaweka kikombe chini.

"Wewe si ndio fundi wa picha? Umeiweka mwenyewe."

Nikaichukua nikampiga nayo usoni. Kioo kikapasuka, damu ikamshuka kutoka kwenye nyusi. Aliinuka upesi kuliko nilivyodhani, akanikaba shingo na kunibamiza ukutani. Nikamkwaruza, nikampiga teke, hakuachilia. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama mtu anayefunga gunia, na hapo nikajua hii ni kazi aliyoizoea. Macho yakaanza kuingia giza. Niliogopa sana; nilidhani nakufa kwenye ukuta wa mtu.

Kisha mchi ukashuka. Mdogo wangu alimpiga juu ya kiwiko, kwa nguvu zile zile alizokuwa akitwangia, na nikasikia mfupa ukivunjika. Mwanamume akaanguka kwa magoti, akilia. Mdogo wangu akauinua mchi tena, safari hii juu ya kichwa. Nikamrukia, nikamkumbatia pamoja na mchi wake, tukaanguka wote wawili juu ya mahindi yaliyomwagika.

"Niache," alisema. "Wacha nimalize."

"Utafungwa. Twende nyumbani, mdogo wangu." Sauti yangu ilikuwa imekwaruzika, maneno yanatoka kwa shida. "Haki ya Mungu sikuwa najua."

Akaacha kujitoa mikononi mwangu. Mumewe alikuwa anatambaa kuelekea mlangoni, lakini mdogo wangu hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Zile picha zingine zote nilikutumia bila poda," alisema. "Nilikuwa nataka uone. Unanirudishia nikiwa na uso safi, na mimi nasema, sawa, dada ameona, amesema nivumilie. Hii ndio ya kwanza nimepaka. Nilikuwa nimechoka kukuonyesha."