Siku Niliyowaendea Nyuki Nikinukia

Psss. Psss. Mpaka leo nikisikia ule mlio wa kopo la marashi, shingo inanisisimka.

Tulipanga chumba kimoja Majengo, wasichana watatu. Wenzangu walisomea uuguzi, mimi ufugaji nyuki. Wao kila Jumamosi ni sherehe na kuposti picha, mimi niko porini nawafukizia nyuki moshi. Nikirudi naziangalia zile picha, nacheka, halafu kicheko kinaisha nabaki na kitu kinauma. Kama vile ujana unagawiwa mahali, mimi sikuambiwa.

Siku ya mtihani wangu wa vitendo ndiyo siku waliyokuwa wanaagana, kesho yake wanaenda kuanza mafunzo hospitali za mbali. Mpiga picha alikuja saa nane mchana. Mtihani ulikuwa saa kumi na moja.

"We mama nyuki, njoo bwana! Ukikosa hii ndo basi tena."

"Nina mtihani."

"Si jioni huko! Kwani nyuki wako wanavaa saa?"

Nikacheka, nikajipenyeza katikati. Mmoja akanipulizia marashi shingoni, kwenye nywele, mpaka mikononi. Sikumzuia. Mimi, mtoto wa mrina asali wa Ugalla, ambaye baba yake siku ya kurina hagusi hata sabuni ya kunukia, maana harufu kali huwachokoza nyuki! Nilijiambia nitaoga. Picha zikawa haziishi. Nikanawa shingo tu, nikakimbia.

Nilipofungua mzinga, nyuki walinyamaza kidogo, kisha wakatoka wote. Wakaingia hadi ndani ya kofia ya wavu. Nikaangusha sega, nikatimua mbio, mzinga nikauacha wazi. Mwalimu ndiye aliyenivua kofia. Akaninusa.

"Binti, umewaletea harusi?"

Hakuna aliyecheka. Nilifeli, na kurudia ni mpaka mwakani.

Nikampigia baba, nikamweleza yote.

"Mama, kwani hukujua?"

"Nilijua, baba."

"Haya. Kula basi, usishinde na njaa."

Afadhali angenigombeza.

Wenzangu wakaondoka. Ile picha ipo kwenye simu, nimependeza kweli, na siwezi kuiangalia. Zamani nilikuwa namwambia kila mtu kwamba siku moja nitauza asali yangu mwenyewe, chupa zina picha ya ua. Siku hizi nikisema hivyo naona natania. Watu wananiambia vumilia. Navumilia, lakini asubuhi nyingine hata kuvaa viatu ni kazi.

Wiki moja baada ya mtihani nikasikia nyuki wa mzinga ule wamehama. Nikaenda huko peke yangu. Ndani mlikuwa na sisimizi na sega lililokauka. Nikawafagia sisimizi kwa majani. Nikachukua kipande cha nta, nikakisugua kwenye mbao zote za ndani, kama wafanyavyo wanaotaka nyuki wapya waingie, nikaufunika mzinga.