Kapu la Mizunguko Sita

Msimamizi wetu alijua namba moja tu, nayo ilikuwa kumi. Makapu kumi ya mawe kabla ya adhuhuri, kila mtu, kila siku, mpaka ukuta wa Wataliani pale Kismayo usimame. Yeye mwenyewe hakuwa Mtaliani, alikuwa mtu wa mjini kama sisi. Mtaliani alikaa chini ya turubai akiutazama ukuta. Nimezeeka sasa, na bado nikimkumbuka yule bwana damu hunichemka.

Amri ilisema kila nyumba itoe mtu mmoja. Nyumba ya mama ilinitoa mimi, mwari mwenye mabega. Nyumba ya jirani ilikuwa ya dada yangu, na mumewe alikuwa safarini, kwa hiyo mtu wa nyumba ile alikuwa dada mwenyewe pamoja na tumbo lake. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Mkunga alikuwa amemwonya kwamba hii ya pili asiichezee. Tukaenda kumweleza msimamizi, akasema mwenye udhuru alete mtu badala yake. Hatukuwa na wa kumleta.

Hiyo kumi yake aliipata hivi. Siku ya kwanza aliwachukua mahamali wa bandarini, wanaume wa kubeba magunia, akawapa makapu ya ghalani, akasimama kuwahesabu. Mawe ya tumbawe yalikuwa yamerundikwa pale pale, karibu na ukuta. Ilipoadhiniwa adhuhuri kila mmoja alikuwa amefikisha makapu kumi, basi kumi ikawa sheria yetu sote. Kwa kila kapu alitupa kokwa moja ya tende. Asiyekuwa na kokwa kumi wakati wa adhana alibaki juani mpaka azipate. Siku moja nilimpenyezea dada kokwa zangu mbili, msimamizi akaona, akatunyang'anya zote, zangu na zake.

Rundo la karibu likaisha. Tukaanza kuyafuata mawe ufukweni, kisha mbele zaidi, mpaka karibu na rasi. Njia ikarefuka, kumi ikabaki pale pale. Siku ya kwanza ya kwenda rasini dada alirudi nyumbani alasiri, akakaa kizingitini, akashika tumbo kwa mikono miwili. Niliogopa sana. Hofu yangu haikai muda mrefu kabla haijageuka hasira, na ndivyo ilivyokuwa.

Mama alikuwa jikoni, akaniambia nipime maji ya wali. Tangu utotoni alinifundisha jambo moja: ukiongeza mchele, ongeza maji, na anayekuambia vibaba vya maji bila kukuambia vibaba vya mchele hajakuambia kitu. Nikasimama na kibaba mkononi. Kumi ya msimamizi ilikuwa maji yasiyo na mchele. Makapu kumi, sawa, lakini kutoka wapi? Asubuhi ilikuwa na urefu ule ule, na njia ilikuwa imezidi mara mbili. Alikuwa ametuongezea kazi bila kuitaja, akajificha nyuma ya namba isiyobadilika.

Kesho yake nikasimama mbele ya msimamizi.

"Bwana, kumi ya wapi?"

"Kumi ni kumi."

"Kumi ya rundo la kwanza, au kumi ya kule rasini? Njia imekuwa mara mbili. Ama tubebe makapu matano, ama kapu liwe nusu."

"Kumi ni kumi," akasema, "na wewe una ulimi mrefu."

Ulimi ninao, sikatai. Lakini alisahau kwamba makapu tuliyobebea yalikuwa yetu, ya kusukwa na sisi nyumbani. Asili yetu ni kisiwa cha Chovai, na mwanamke wa Chovai husuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, kabla hajajua kupika. Kapu letu ni ukili ulioshonwa mzunguko juu ya mzunguko, kutoka kitakoni hadi mdomoni. Yale ya kubebea mawe yalikuwa na mizunguko minane. Alasiri ile wanawake wa mtaa walikaa uani kwa mama, tukafumua mzunguko wa juu kabisa, tukashona vishikio upya. Kwa haki tungeshuka hadi minne, ila minne hata kipofu angeipapasa. Tukaanza na saba. Mawe yaliposogea tena, tukashuka hadi sita. Kila mmoja alifumua lake, hata wale wenye nguvu, maana kapu moja kubwa lingeyasaliti mengine yote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kokwa kumi zikawa zinatimia. Dada akawa anarudi nyumbani kwa miguu yake, anakula, analala. Nilifurahi kwa inda, nakiri, kila msimamizi alipohesabu hadi kumi na kuridhika.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Asubuhi moja msimamizi alilikuta ghalani kapu la zamani, akaliweka kando ya la dada. Akamwaga mawe ya dada, akalijaza lile la mizunguko minane hadi juu, akamtwika kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Dada alipiga hatua chache, kapu likaanguka. Yeye akabaki amesimama, ameshika tumbo.

Nilikuwa nyuma yake. Nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja, mkubwa kuliko sote mstarini. Kule kisiwani tukibeba mawe ya msikiti kuna desturi: aliyeangusha mzigo hapitwi.

"Mchu akiangusha, hapitwi," bibi akasema kwa lafudhi ya kisiwani, ambako mtu huitwa mchu, akatua kapu lake.

Nikatua langu. Mstari mzima ukatua, mpaka kule rasini. Msimamizi akatukana, akasema kokwa zote za asubuhi ile zimefutwa. Hakuna aliyeinama kuokota kapu.

"Bwana," nikamwambia, "kwa makapu yetu ni kumi. Kwa kapu lako ni sifuri. Chagua."

Waashi walikuwa wamekosa mawe, wamekaa. Mtaliani akatoka turubaini, akauliza kwa ukali jambo ambalo sikulielewa, na nikaona jasho likimtoka msimamizi. Alimwokotea dada kapu lake dogo, akampa, akatazama pembeni.

Dada alijifungua salama kabla ukuta haujakwisha, mtoto wa kike, mnene. Tulitandika leso ndani ya kapu lile, tukamlaza humo, likamtosha.

Ninalo mpaka leo. Kila anayeliona hunishauri niliongeze mizunguko miwili ya ukili, libebe zaidi. Siongezi.