Nilibadilisha detekta, nikamwambia shangazi jembe la babu halipo

Wakuu, habari za mchana na poleni na majukumu.

Nimechoka. Naandika hapa kwenye benchi la kazini, redio mbili za watu ziko mbele yangu na sina mkono wa kuzifungua. Ninachosimulia ni kweli tupu, siyo chai. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana huku tunajuana na aibu yenyewe ni ya kwangu.

Mimi ni fundi redio na simu, Nachingwea mjini. Umri wangu ni ule wa kushika kiuno ukiinuka. Pombe sinywi, na mpira nimewaachia jirani zetu wa Ruangwa, hao kwa mpira hawasemezeki. Starehe yangu ni detekta. Ile mashine ya fimbo yenye sahani chini, unapita nayo juu ya ardhi, ikikuta chuma inalia.

Najua mnachotaka kuuliza. Hapana, sijapata mali ya Mjerumani. Huku ukionekana na mashine ile kila mtu anaamini unatafuta masanduku waliyofukia Wajerumani wakikimbia vita. Nikipita na pikipiki watu wananipigia kelele, "Fundi, umempata Mjerumani wako?" Nawajibu bado yuko njiani.

Nilichokuwa napata ni misumari.

Nachingwea hii mkoloni aliilima kwa matrekta, mashamba makubwa ya karanga, na reli ikaja ikang'olewa. Ardhi imejaa boliti, nati, vipande vya minyororo, juu yake sisi tukaongeza vizibo vya soda. Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu wa chuma chakavu. Haikuwa na skrini wala namba, ilikuwa na kelele tu. Inalilia kila kitu sawasawa. Unapiga magoti, unachimba, unatoa msumari. Unasogea hatua mbili, unapiga magoti tena. Nimeishi hivyo miaka sita.

Mara mojamoja nilipata senti ya zamani, ile yenye tundu katikati. Siku hiyo nalala nacheka. Lakini zilikuwa chache, na magoti yakaanza kulalamika kuliko mke wangu.

Nikaamua kubadilisha mashine.

Hapo nisikilizeni, maana wengi humu mnaulizana detekta ipi nzuri. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni mashine za dhahabu, zinazama chini sana lakini hazibagui vizuri. Ya pili ni hizi za sarafu, zina skrini, zinakupa namba, na unaweza kuiambia chuma cha kawaida usiniletee, nataka shaba, fedha na dhahabu tu.

Nina rafiki yangu Saidi, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Namungo, Ruangwa. Nikamfuata aniazimie mashine ya dhahabu ya mwenzake niijaribu. Dah! Ardhi ya Ruangwa ina kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea penseli, na ina mawe mekundu yenye chuma. Mashine ilipiga kelele kuanzia naiwasha hadi naizima. Nikavua hedifoni nikamwambia Saidi hii siiwezi, nitakuwa kiziwi.

Saidi akacheka. "Basi niuzie hiyo yako kuukuu. Mimi nataka inayolia kila kitu, nitachagua mwenyewe."

Nikamuuzia. Nikaagiza ya skrini.

Ilipofika sikusoma kijitabu chake. Mimi fundi bwana, tangu lini fundi akasoma kijitabu? Niliangalia video mbili tatu mtandaoni, nikaona kitufe cha kukata chuma, nikakata. Nikaenda kwenye uwanja mmoja ambao zamani nilikuwa nachimba misumari mpaka nataka kulia. Wakuu, ukimya ule! Nilitembea nusu saa bila mlio hata mmoja. Kisha ukaja mlio mmoja mtamu, nikachimba, senti yenye tundu. Niliibusu ile mashine hadharani.

Tangu siku hiyo sikukigusa tena kile kitufe. Hata nikasahau kama kipo.

Sasa tuje kwa shangazi.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, nimwite Somoe. Anaishi kijiji kimoja kule Ruponda, mjane, analima ufuta na ana mikorosho aliyorithishwa na babu yangu. Shamba lake limepakana na la Mzee Lipande, mtu mstaarabu tu, hana ugomvi na mtu. Mpaka wao ulikuwa mstari wa mikonge. Moto wa kiangazi ukapita, mikonge yote ikateketea, na kila mmoja akawa na mpaka wake kichwani. Katikati ya mipaka hiyo miwili kuna mikorosho kumi na moja, ile mikubwa inayozaa.

Shangazi alikuwa na ushahidi mmoja. Babu alikuwa na desturi yake, jembe likiisha kwa kulimiwa halitupi, analifukia kwenye kona ya shamba. Shangazi alikuwa bado binti babu alipomshika mkono akamwonesha. "Hapa. Siku watu wakibishana, fukua."

Ila watu wa upande wa Mzee Lipande walikuwa wanasema, kwa adabu lakini wanasema, kwamba babu yetu alikuwa mtu wa hadithi nyingi. Ni kweli alikuwa mcheshi. Hilo lilimchoma shangazi kuliko mikorosho, nami nililiona usoni kwake.

Akanipigia simu. "Mwanangu, njoo na mdude wako. Nataka jembe la baba lionekane kabla ya kikao cha wazee cha kutusuluhisha."

Nilikwenda. Shikamoo, marahaba, ugali na kisamvu, kisha shambani. Akanionesha, ni baina ya kichuguu na mkorosho mkongwe. Tatizo kichuguu chenyewe kilishasambaratika, kwa hiyo eneo lilikuwa pana, kama uwanja wa kuanikia ufuta wa kijiji kizima. Nikavaa hedifoni nikaanza.

Siku ya kwanza kimya.

Siku ya pili kimya, ila nikaokota senti yenye tundu. Nikafurahi kama mjinga, nikamwonesha shangazi. Akaiangalia, akanirudishia mkononi. "Hii siyo jembe," akasema.

Yeye alikuwa ameshika jembe lake anachimba pembeni yangu, mashimo mafupi mafupi, jasho linamtoka. Mtu wa umri ule. Nikamhurumia. Nikamwambia maneno ninayoyajutia mpaka leo.

"Shangazi, acha kujichosha. Mashine ingeliona. Hakuna kitu hapa."

Akasimama, akaniangalia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaacha kuchimba.

Siku ya kikao cha usuluhishi nilikuwepo. Wazee wale waliniheshimu, fundi wa mjini, mwenye mashine ya kisasa. Mmoja akaniuliza, "Umepima kona yote?" Nikasema nimepima siku mbili. "Kuna jembe?" Nikasema hakuna chuma pale. Nilijiona mkweli sana, yaani mtu wa haki, hata shangazi yangu mwenyewe simpendelei.

Mzee Lipande hakushangilia, nampa haki yake. Aliinamisha kichwa tu. Shangazi akaweka dole gumba kwenye karatasi ya makubaliano, mikorosho kumi na moja ikahama. Njiani kurudi alitangulia mbele, hakugeuka. Nikadhani ana uchungu wa miti.

Ikapita miezi miwili.

Wiki mbili zilizopita Saidi akaja mjini na ile mashine yangu ya zamani, spika imekatika waya. Nikaiunga. Ili kuijaribu nikaisogeza kwenye nyundo iliyokuwa benchini, ikalia mpaka mteja akashtuka. Saidi akafurahi, akasema, "Lete na ile yako ya kisomi tuzishindanishe."

Nikaichukua ukutani, nikaiwasha, nikapitisha juu ya nyundo.

Kimya.

Nikarudia. Kimya. Nyundo nzima ya chuma, wakuu, iko chini ya sahani na mashine imenyamaza.

"Mbovu?" Saidi akauliza.

Nikakitazama kile kitufe cha kukata chuma. Jembe ni chuma. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu, ndiye niliyeiamuru mashine isinipe habari za chuma, halafu nikaenda nayo Ruponda kutafuta jembe. Nilikaa chini. Saidi alidhani presha imepanda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ruponda. Sikuanza kwa shangazi, sikuwa na uso. Kona sasa iko upande wa Mzee Lipande, nikaenda kwake kuomba ruhusa, nikamweleza ukweli wote. Angeweza kunifukuza. Akavaa kandambili zake tukaenda wote. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, mabibo yananuka shamba zima.

Nikafungua kitufe, chuma kikaruhusiwa. Hazikufika hata dakika kumi. Mlio mzito, mahali nilipokanyaga siku zile labda mara ishirini. Tukachimba hadi kiwiko. Likatoka jembe lililolimiwa likaisha, limebaki kama kiganja, kutu tupu, shingo yake bado ipo. Na lilikuwa pale pale shangazi aliposema.

Mzee Lipande alilishika kwa muda. "Mimi mwanangu sikujua," akasema. "Nitawaita wazee tukae upya. Wewe mpelekee mwenyewe."

Kwa hiyo mikorosho inarudi, nadhani. Mzee Lipande hana maneno mawili. Ningeweza kuishia hapa mkanipigia makofi.

Nilimkuta shangazi uani anachambua mchicha. Nikaliweka jembe mbele yake, nikapiga magoti, nikaeleza kitufe, nikaeleza kijitabu ambacho sikukisoma, nikaeleza kwamba Mzee Lipande amekubali wakae upya. Nilizungumza sana. Mtu mwenye kosa huwa anazungumza sana.

Hakuniuliza habari za mikorosho. Alilifuta jembe udongo kwa upande wa khanga yake, taratibu, akalilaza mapajani.

Kisha akasema, "Miezi miwili nimekuwa nikisali, nikifika kumwombea baba ulimi unakuwa mzito. Nilikuwa najiuliza kwa nini alinidanganya."

Nilibaki nimepiga magoti pale uani mpaka akaniambia inuka, utachafua suruali. Akaingia ndani na jembe lake.

Hakunitukana. Hata chai alinipa. Lakini tangu siku hiyo akipiga simu nyumbani anaongea na mke wangu, anawauliza watoto mmoja mmoja, anakata.

Funzo? Mnaotaka kununua detekta, jueni kwanza mnatafuta nini. Ile inayobagua ni nzuri kwa magoti, sikatai, ila someni kijitabu, na kabla hujatamka mbele za watu kwamba hakuna kitu, weka nyundo chini uone kama mashine inasema. Na mwenye mashine asimkataze mwenye jembe kuchimba. Yule mama angeachwa na mashimo yake mafupi, labda angelifikia siku ile ile.

Wenye uzoefu karibuni mchangie. Wa kunicheka nao wacheke, nimezoea misumari.

Ila msiniambie ninunue mashine ipi, ushauri huo ninao wa kutosha. Nisaidieni namna ya kurudi kwa shangazi.