Betri Kando ya Jiko

Mama yangu hajawahi kutupa betri ya redio bila kuipigania kwanza. Tangu nipate akili, redio ikianza kunong'ona badala ya kuongea, yeye alizitoa betri, akaziuma kidogo kwa magego, kisha akazipanga juu ya bati la kibanda cha kuku zipate jua. Jioni redio ilirudi kusema, na Mama akatuangalia sisi watoto kama mtu aliyeponya mgonjwa. Msimu wa ukungu, ule ambao huku kwetu karibu na Kiriaini jua hutoka kwa kubembelezwa, aliziweka kando ya mafiga zipate joto. Kila nyumba pale kilimani ilifanya hivyo na hakuna aliyemcheka mwenzake. Nilikua nikiyaona haya kila mwezi, na bado hayakunijia kichwani siku yalipohitajika.

Mwaka juzi macho yake yalizima. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichoenda kimeenda. Mama aliipokea habari hiyo vizuri kuliko mimi. Kuku aliendelea kuwajua kwa sauti, majani chai aliendelea kuyachuma kwa vidole, na njia ya mtoni miguu yake ilikuwa imeisoma kitambo. Kilichomuuma ni kitu kimoja. Tangu kabla sijazaliwa, yeye ndiye aliyesoma somo kanisani kwetu, kwa lugha yetu, Jumapili ya akina mama na nyingine nyingi. Akisoma Mama, hata watoto wa viti vya nyuma walinyamaza.

Mzee wa kanisa alikuja nyumbani na maneno laini. "Mama amefanya kazi ya kutosha," akasema. "Sasa apumzike."

Mama akamjibu kwamba atapumzika akishawekwa kwenye sanduku, halafu akamuuliza kama aongezewe chai. Mwishowe walipatana. Jumapili ya akina mama atasoma yeye. Akimaliza vizuri, kazi ni yake. Akikwama katikati, atachaguliwa mwingine, na hakuna kununa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kama ningekuwepo siku hiyo, mzee angeondoka bila kumaliza kikombe. Lakini mimi ni mwalimu wa kompyuta Nyeri, nimepanga chumba Majengo, na nyumbani huwa ninaenda Jumamosi tu. Kwa hivyo hasira yangu ilibidi itafutiwe kazi. Kama Mama hawezi kuliona somo, nilisema, basi atalisikia mpaka limkae kichwani.

Simu ya kisasa alikuwa ameshaikataa. Aliipapasa mbele na nyuma, akanirudishia. "Hii ni dirisha, maitu. Nitaishika wapi?" Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake. Hata akinigombeza, hunigombeza kwa heshima.

Basi nikanunua kompyuta ndogo ya bodi moja, aina ile tunayofundishia shuleni, kubwa kidogo tu kuliko kiberiti. Niliiweka ndani ya kisanduku cha mbao pamoja na spika, na juu nikatoboa nafasi ya batani tatu kubwa: ya kuanza, ya kusimama, na ya kurudi nyuma. Kisha nikaketi chumbani kwangu na kitabu chake cha kanisani, kile ambacho jalada lake amelishona kwa uzi wa gunia, nikajirekodi nikisoma somo lote. Somo lenyewe lilikuwa refu, linaanzia ukurasa mmoja na kumalizikia wa nyuma yake. Nilipofika chini kabisa ya ukurasa wa kwanza nilishikwa na kikohozi, kile kirefu cha baridi ya Nyeri. Nilipomaliza kukohoa nikafunua ukurasa na kuendelea. Nilimpigia Mama simu akisikie, nikamwambia nitakifuta.

"Wacha," akasema. "Hicho ndicho kinaniambia ni wewe."

Iliyobaki ilikuwa stima. Kilimani kwetu stima huondoka wingu likipita tu, kwa hivyo kisanduku kilihitaji betri yake.

Pale Nyeri mjini kuna mzee wa Kihindi anayeuza vitu vya umeme katika duka la baba yake, na Kikuyu anakiongea kunipita. Nilimwambia nataka betri ya lithiamu. Aliniwekea aina mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa bapa na laini, imefungwa kwa karatasi ya fedha kama kipakiti cha kahawa. Nyingine ilikuwa ya mviringo, kama ya tochi lakini nene zaidi.

"Iko na kazi gani, mwalimu?"

"Kusoma."

"Kusoma siku mzima ama kidogo kidogo?"

Nikamweleza. Bodi yangu inataka volti tano, na betri zote mbili zinatoa tatu na kitu, kwa hivyo katikati lazima ikae bodi nyingine ndogo ya kupandisha umeme, ambayo pia huichaji betri na kuikatia ikishashiba. Hiyo alikuwa nayo. Nikachagua betri ile bapa, kwa sababu ingelala vizuri chini ya kisanduku na, sitaficha, kwa sababu ilikuwa nzuri kuangalia. Mzee aliigeuza mkononi.

"Na itakaa wapi? Mahali baridi ama mahali moto?"

Nikacheka. "Mzee, ni ya mama yangu, huko Kiriaini. Moto utoke wapi?"

Kuiunganisha ndiko watu wengi huchomea vitu vyao. Plagi ya betri iliingia kwenye bodi sawasawa, waya mmoja mwekundu, mwingine mweusi, na mtu angesema kazi imekwisha. Lakini aliyetengeneza betri na aliyetengeneza bodi hawakukaa kikao kimoja. Nilipima kwa mita kabla ya kuichomeka, nikakuta upande wa chanya wa betri unaelekea upande wa hasi wa bodi. Nikazichomoa zile pini kwa sindano, moja baada ya nyingine, nikichunga zisigusane. Nikazibadilisha, nikapima tena, kisha nikachomeka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nilifurahi peke yangu mle chumbani kama mjinga.

Jumamosi nikampelekea. Mama alibonyeza batani ya kwanza, akainamisha kichwa, midomo ikawa inatembea pamoja na sauti yangu. Alirudisha nyuma, akasikiliza, akarudisha tena. Nilipoondoka hakuniaga vizuri, alikuwa kazini.

Halafu mvua ikaja, transfoma ya kilimani ikalipuka, na stima ikapotea kabisa. Kwa Mama giza halikuwa habari. Habari ilikuwa kisanduku kunyamaza, maana betri iliisha na hakukuwa na mahali pa kuichaji. Mimi nami sikuambiwa; Mama hakutaka kunisumbua. Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameketi jikoni, kisanduku kiko wazi mapajani, na kando ya mafiga zimepangwa betri mbili kuukuu za redio na ile yangu ya lithiamu. Haikuwa bapa tena. Ilikuwa imefura kama andazi.

"Jua lilikataa kutoka," Mama akasema, kabla sijafungua mdomo. "Nikaona niipe joto kidogo. Nimeigusa asubuhi, naona imenona. Nafikiri iko karibu."

"Umeiuma?"

"Nilijaribu. Haina mahali pa kuuma."

Nilichukua koleo, nikaishika polepole nisije nikaitoboa, nikaitoa mpaka katikati ya uwanja na kuiweka ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga. Ndipo nikarudi na kupiga kelele. Nilimwambia kitu hicho kingemlipukia usoni. Nilimwambia nyumba ingeungua na yeye ndani, na kwamba lithiamu si betri ya redio, haitaki jua, haitaki moto, haitaki meno. Mama alingoja mpaka nikaishiwa.

"Nilikuwa nimefika pale unapokohoa," akasema. "Kuanzia hapo kwenda mbele sijapashika vizuri."

Hasira ikanitoka yote, ikabaki hofu. Niliogopa kwa kile ambacho kingetokea, na niliogopa kwa sababu Jumapili yake ilikuwa karibu na nusu ya somo bado iko kwenye kisanduku kilichokufa. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia. Mikono yake haiwezi kukaa bure, kwa hivyo alizichukua zile betri mbili za redio akaanza kuzirudisha ndani ya redio yake. Kidole gumba kilitafuta kichwa cha betri, kile kichomozo kidogo, kidole cha pili kikatafuta springi, na kila moja ikaingia kama inavyotakiwa. Hakusita hata kidogo. Ujuzi wangu wote wa nyekundu na nyeusi ulikuwa wa watu wenye macho. Mama hujua betri kwa kichwa na tako, na amejua hivyo maisha yake yote. Nilimsomea somo mara kadhaa kwa mdomo kabla ya kuondoka, lakini moyo wangu ulikuwa tayari dukani.

Jumatatu baada ya vipindi nilimpelekea mzee wa duka ile iliyofura, ndani ya mkebe wa mchanga. Akaitia kwenye ndoo yake ya betri zilizokufa, nje ya mlango wa nyuma, akarudi anapangusa mikono.

"Kumbe Kiriaini kuko na moto," akasema.

Nilistahili. Safari hii nilichukua nne za mviringo, zenye kichwa kilichojitokeza, na kishikilio cha plastiki cha betri moja, chenye springi upande mmoja. Upande wa chanya, chuma chake kimezama ndani kidogo, kwa hivyo betri ikiingizwa kinyume tako lake haliwezi kukigusa na hakuna umeme unaopita. Nikalehemu nyaya za kishikilio kwenye bodi ile ya kupandisha umeme, nikaongeza swichi ya kuzima, nikapima mara mbili. Kisanduku kilikuwa kizito sasa na kifuniko hakikufunga vizuri. Betri nzuri ya kuangalia ilikuwa imeshakufa kwenye ndoo, kwa hivyo sikujali. Sikungoja Jumamosi. Niliomba ruhusa shuleni, nikafika nyumbani mchana.

Nilimpa Mama betri moja mkononi. Akaipapasa, na uso wake ukafunguka.

"Hii ni betri," akasema, kama kwamba ile nyingine ilikuwa uongo.

"Unazima hapa kwanza, halafu unatoa, halafu unaweka nyingine."

Alizima, akatoa, akaweka. Nikamwambia aigeuze kinyume makusudi, nione. Akageuza, akawasha, kisanduku kikakaa kimya bila kudhurika. Alipoirudisha vizuri, sauti yangu ikaanza kusoma.

"Na hii nayo huchoka?"

"Huchoka."

"Na haiendi kwa moto."

"Wala juani, Mama. Wala kwa meno."

"Sasa hupona wapi?"

"Naichukua, naichaji Nyeri, nakurudishia Jumamosi."

Alifikiri kidogo. "Kumbe inalishwa Nyeri, kama wewe," akasema. Kisha akainuka, akaangua kikombe cha bati kutoka rafuni, kile ambacho marehemu baba alikuwa akinywea uji, na kukiweka dirishani. Betri zilizochoka zitalala hapo, akasema, na asiziguse mtu. Jumamosi niliyorudi nilikuta mbili zimelala, vichwa juu.

Jumapili ya akina mama stima ilikuwa bado haijarudi, kwa hivyo hakukuwa na kipaza sauti. Nilimshika mkono Mama mpaka mbele, nikamfungulia kitabu chake kwenye ukurasa wa somo, nikarudi kukaa kiti cha kwanza. Mzee wa kanisa alikuwa amekifungua chake pia na kidole kiko kwenye mstari. Nilimwomba Mungu vitu vingi kwa wakati mmoja bila mpangilio.

Mama alianza. Sauti ilikuwa ile ile, haina haraka, na alikuwa ameinamia kitabu kama zamani. Mstari baada ya mstari, hakuna neno lililoanguka. Watoto wa nyuma wakanyamaza. Nikaanza kupumua.

Halafu akasimama katikati ya sentensi.

Kanisa lote lilingoja. Mtu alisogeza kiti. Mzee wa kanisa akainua macho kutoka kwenye kitabu, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi, na sikuona furaha yoyote usoni mwake, niseme kwa haki. Mama hakuonekana kuhangaika. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vile anavyokiinamisha akisikiliza kisanduku.

Ndipo nikajua pale ni wapi. Ni chini ya ukurasa wa kwanza. Mama alikuwa ananingoja nimalize kukohoa.

Nilipomaliza, akalowesha kidole, akafunua ukurasa, akaendelea kusoma mpaka mwisho.